Sindano za vitamini: maswali tunayoulizwa dirishani kila siku

Mimi ni mfamasia. Haipiti wiki bila mtu kuinama dirishani na kuniambia kwa sauti ya chini, "Naomba ile sindano ya nguvu." Wengine huja na cheti cha daktari. Wengine huja na ampuli tupu iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, ili nisikosee kuwapa nyingine. Wachache kati yao wanaihitaji kwelikweli, na wakicheleweshewa wanaweza kuishia kutembelea mkongojo. Wengi hawaihitaji hata kidogo. Nimeandika kwa ajili ya wote, maana nimeona mgonjwa wa kweli akiambiwa avumilie na mtu mzima wa afya akitundikiwa dripu, tena ndani ya mtaa mmoja.

Ni kweli sindano ina nguvu kuliko kidonge?

Kwa vitamini, hapana. Vitamini B12 iliyo kwenye ampuli ikishaingia kwenye damu ni sawa na iliyotoka kwenye kidonge au kwenye dagaa. Mwili hauulizi imepita wapi. Kinachotofautiana ni njia. Kidonge kinapita tumboni, kinafika kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko kinakofyonzwa. Sindano inaikwepa safari hiyo yote. Kwa hiyo ukitaka kujua kama unahitaji sindano, uliza jambo moja: njia ya tumbo langu imeziba? Kama haijaziba, na hali yako si ya dharura, sindano haikupi kitu ambacho chakula au kidonge kisingekupa.

Najua imani hii ilikotoka, na siidharau. Katika miaka ya 1920 watu wa Kenya na Tanganyika walikuwa wakiteswa na buba, vidonda vinavyokula ngozi hadi mifupa. Zikaja sindano, baadaye ikaja penisilini, na vidonda vilivyokaa miaka vikakauka ndani ya siku chache. Babu aliyeona hivyo kwa macho yake alikuwa na haki ya kuiheshimu sindano. Shida ni kwamba heshima ile tumeihamishia kwenye kila kitu chenye bomba, na B complex, yaani mchanganyiko wa vitamini za kundi B, si penisilini.

Basi ni akina nani wanaohitaji sindano ya vitamini?

Watoto wachanga wote, dozi moja ya vitamini K. Watu ambao tumbo au utumbo wao haupokei B12, na wenye upungufu wa B12 uliokwisha kugusa neva. Watu wenye upungufu mkali wa vitamini B1, hasa wanywaji wa pombe waliochanganyikiwa na wajawazito wanaotapika wiki nzima. Wenye ini lililoharibika na damu isiyoganda, ambao hupewa vitamini K wodini. Na wagonjwa waliokatwa sehemu kubwa ya utumbo, ambao hulishwa kwa mshipa. Wapo wengine wachache ambao daktari bingwa atawajua, lakini orodha haiendi mbali zaidi ya hapo. Uchovu wa kazi haumo. Kukosa hamu ya kula hakumo. Weupe wa ngozi haumo.

Miguu inaniwaka moto na vidole vina ganzi. Je, ni upungufu wa B12?

Inawezekana, na hili ndilo swali ambalo sitaki mtu alipuuze. Lakini ganzi ina wazazi wengi: kisukari chenyewe, pombe, virusi vya UKIMWI, dawa ya kifua kikuu ya isoniazidi isipoambatana na vidonge vya B6, mgongo uliobana neva. B12 ni mmoja wao tu.

Mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, aliwahi kuja dirishani amevaa kandambili moja. Ya pili ilikuwa imemvuka njiani, hakuhisi. Alikuwa na kisukari na alikuwa ametumia metformini kwa zaidi ya miaka kumi. Kila alipolalamika aliambiwa ni sukari, azoee. Metformini inajulikana kupunguza ufyonzaji wa B12, na mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba upungufu huo ni wa kawaida kwa wanaoitumia, hasa kwa dozi kubwa na kwa muda mrefu. Mzee alistahili kupimwa mapema. Badala yake jirani alimchoma sindano tatu nyekundu za B12, za kununua, ndani ya wiki mbili.

Tulipompima, kiwango chake cha B12 kilikuwa juu mno. Lazima kiwe juu, ilikuwa ni ile ile aliyochomwa. Tukashindwa kujua alianzia wapi, na daktari akalazimika kuamua kwa dalili: chembe nyekundu za damu zilizokuwa kubwa kupita kiasi kwenye kipimo cha picha kamili ya damu (FBP), ulimi laini unaong'aa kama umepigwa msasa, na vidole vya miguu visivyohisi mtikisiko wa uma wa chuma uliogongwa. Alitibiwa kama mwenye upungufu. Moto wa miguu ulipungua baada ya miezi kadhaa. Ganzi ya vidole haikuondoka yote, maana neva iliyokaa bila B12 kwa muda mrefu hairudi yote.

Kwa hiyo: damu ichukuliwe kwanza, sindano ifuate. Kama dalili za neva ni kali, daktari anaweza kuchukua damu na kuanza tiba siku hiyo hiyo bila kungoja majibu, na hapo yuko sahihi.

Kwa nini tumbo la mtu lishindwe kupokea B12 wakati anakula nyama?

Kwa sababu B12 haiingii yenyewe. Tumbo hutengeneza protini maalumu ambayo huishika B12 na kuisindikiza mpaka mwisho wa utumbo mwembamba, na karibu yote huingilia hapo tu. Kuna watu, wengi wao wa umri mkubwa, ambao kinga ya mwili wao huzishambulia seli zinazotengeneza protini hiyo. Ugonjwa huo huitwa anemia ya pernishasi. Mtu anakula maini, samaki, mayai, maziwa, na bado anapungukiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyeondolewa tumbo kwa sababu ya saratani, aliyekatwa mwisho wa utumbo mwembamba, na aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza unene.

Zamani ugonjwa huu uliua. Mwaka 1926 madaktari wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa wakilishwa maini mengi kila siku wanainuka kitandani. Pamoja na George Whipple walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1934. B12 yenyewe ilitenganishwa mwaka 1948, na tangu hapo sindano moja inafanya kazi ya sahani nyingi za maini ambazo wagonjwa wale walizila kwa machozi.

Jambo la kuangalia hapa ni vidonge vya foliki asidi, vitamini nyingine ya kundi B inayosaidia kutengeneza damu. Ukivinywa peke yake wakati kinachopungua ni B12, damu inaweza kupanda na kila mtu akafurahi, huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. Ndiyo maana daktari makini akiona chembe nyekundu kubwa hupima vyote viwili.

Nitachomwa mara ngapi? Ni ya maisha?

B12 ya sindano ina aina mbili. Ratiba inayofuatwa na wengi kwa ile ya hidroksokobalamini ni miligramu 1 mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili, kisha moja kila baada ya miezi miwili au mitatu. Neva zikiwa zimeguswa, huchomwa siku moja na kuruka moja mpaka nafuu isipoongezeka tena. Kwa aina ya pili, sianokobalamini, ambayo ndiyo unayoweza kuikuta zaidi kwenye maduka yetu, nafasi kati ya sindano huwa fupi, mara nyingi moja kila mwezi baada ya zile za mwanzo.

Kama sababu haiondoki, mfano tumbo limetolewa, tiba ni ya maisha. Usiiache kwa sababu umejisikia vizuri. Ini huhifadhi B12 ya miaka kadhaa, hivyo ukiacha leo hutaona kitu mwaka huu wala pengine mwakani, halafu ganzi inarudi wakati umeshasahau sababu yake.

Mama amechoka kuchomwa. Hakuna vidonge?

Vipo, na kwa wengi vinatosha. Hata tumbo lisilo na ile protini ya kusindikiza, karibu asilimia 1 ya B12 hupenya yenyewe. Kidonge cha mikrogramu 1,000 kwa hesabu hiyo kinaingiza kama mikrogramu 10, na mtu mzima anahitaji 2.4 tu kwa siku. Lazima kiwe cha dozi hiyo kubwa, kinywewe kila siku, na damu ipimwe tena baada ya muda. Kama neva zake zimeumia, aanze na sindano, kisha zungumza na daktari wake kuhusu kuhamia kwenye vidonge. Asiyekula kabisa vitu vya mnyama, au anayetumia metformini na bado hana dalili za neva, mara nyingi hana haja ya sindano tangu mwanzo.

Mbona ile sindano ni nyekundu kama damu? Si ndiyo inaongeza damu?

Wekundu wake ni wa kobalti, madini yaliyo katikati ya B12. Hauna uhusiano na rangi ya damu.

Damu yangu iko chini. Nichomwe ya vitamini?

Kwanza ijulikane imeenda wapi. Kwetu damu hushuka zaidi kwa upungufu wa madini ya chuma, malaria, minyoo ya safura, hedhi nyingi, mimba zinazofuatana, na selimundu. Hakuna kati ya hizo inayotibiwa na sindano ya B12. Mjamzito hupewa vidonge vya FEFO kliniki, navyo ni chuma na foliki asidi. Tafadhali vinywe, hata kama choo kinageuka cheusi, maana weusi huo ni chuma kilichobaki na hauna madhara. Foliki asidi ni bora ianze kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku, maana mtoto mwenye mgongo wazi huwa ameshapata tatizo hilo katika mwezi wa kwanza, kabla mama hajajua ana mimba. Yote hayo ni ya kunywa.

Ipo sindano ya chuma kwa mshipa, na inasaidia sana pale vidonge vinaposhindikana au mimba imekaribia kujifungua na damu iko chini mno. Hiyo si vitamini. Ni ya hospitali, kwa uangalizi, kwa sababu mwili unaweza kuikataa ghafla.

Mwanangu amechomwa pajani mara tu alipozaliwa. Ilikuwa ya nini?

Hiyo ni vitamini K, na kama hakuchomwa ndiyo ningekuwa na wasiwasi. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana ya vitamini K, maziwa ya mama yana kidogo, na bakteria wa tumboni wanaosaidia kuitengeneza bado hawajakaa. Bila vitamini hiyo ini halikamilishi protini zinazogandisha damu. Mtoto anaonekana mzima kabisa, kisha anavuja damu kitovuni, puani, kwenye choo, au pabaya kuliko pote, ndani ya ubongo.

Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kwamba bila sindano hiyo, mtoto 1 kati ya 60 hadi 250 anaweza kuvuja damu katika wiki ya kwanza. Kuna pia aina inayokuja baadaye, kati ya wiki ya pili na mwezi wa sita. Ni nadra zaidi lakini ndiyo inayoua, na kati ya watoto watano wanaoipata mmoja hufariki. Dozi ni miligramu 1 tu, mara moja, pajani. Njiti hupewa pungufu ya hapo. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa kila mtoto.

Mama aliyekuwa akitumia dawa za kifafa au za kifua kikuu wakati wa ujauzito awaambie wakunga mapema, kwa sababu mtoto wake anaweza kuvuja damu ndani ya saa 24 za kwanza. Na mama aliyejifungulia nyumbani au njiani, usingoje siku ya chanjo. Mpeleke mtoto kituoni siku hiyo hiyo na useme wazi: "Hajapata vitamini K." Usipoulizwa, sema mwenyewe.

Nimesikia ile sindano ya K inasababisha saratani.

Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yaliyoleta hofu hiyo. Yalifanyiwa kazi, kama inavyotakiwa. Tafiti kubwa zaidi za nchi kadhaa zilizofuata hazikuona uhusiano huo. Nimeulizwa hili na baba mmoja akiwa amemshika mtoto wa siku moja, na nilimjibu kama ninavyokujibu wewe: wangu wote walichomwa.

Kama sindano ni muhimu hivyo, mbona vitamini A wanadondoshewa mdomoni?

Nafurahi umeuliza, kwa sababu hapa ndipo unapoona kwamba serikali na Shirika la Afya Duniani hawachagui njia kwa mazoea. Upungufu wa vitamini A unapofusha na kuua watoto, na bado dawa yake ni matone. Kapsuli ya bluu yenye yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, nyekundu ya 200,000 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, inakatwa ncha kwa mkasi na kukamuliwa mdomoni, kila baada ya miezi sita. Hata mtoto mwenye surua, ambaye macho yake yako hatarini, hupewa kwa mdomo, siku mbili mfululizo. Utumbo unaipokea vizuri, basi hakuna sababu ya kumliza.

Mume wangu anakunywa sana, sasa anayumba hata asipolewa na anasahau. Jirani amesema atundikiwe dripu ya glukosi.

Dada, mpeleke hospitali leo, na usikubali dripu ya glukosi mtaani. Kuyumba, kuchanganyikiwa na macho yanayocheza au kutazama vibaya kwa mtu wa pombe ni dalili za ubongo uliokosa vitamini B1, ugonjwa wa Wernicke. Ubongo unahitaji B1 ili kuchoma sukari. Ukimwaga glukosi kabla ya B1, akiba ndogo iliyobaki inaisha na hali inaweza kuwa mbaya zaidi kwa haraka. Hospitali watampa B1 kwa mshipa kabla ya glukosi au pamoja nayo. Vidonge hapa havitoshi, kwa sababu utumbo uliozoea pombe hufyonza B1 kidogo mno. Akicheleweshwa, kusahau kunaweza kubaki kwa maisha.

Hatari hiyo hiyo humpata mjamzito anayetapika kila kitu kwa wiki kadhaa. Akifikishwa wodini kuongezewa maji, ni halali kabisa ndugu kuuliza: "Amepewa B1?"

Nimechoka tu. Nikichomwa huwa najisikia vizuri, sasa wewe unanikatalia nini?

Sikukatalii kwamba umejisikia vizuri. Umetoka kazini, umelala saa nzima pametulia, mtu amekushika mkono na kukuuliza hali. Hayo nayo ni tiba ya aina yake. Ninachokataa ni kusema kwamba B complex ndiyo iliyofanya hivyo kwa mwili usiopungukiwa. Ampuli moja ina mikrogramu 1,000 za B12, hitaji la zaidi ya mwaka mzima. Sehemu kubwa ya ziada utaikojoa.

Uchovu usioisha una majina: damu kushuka, sukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, UKIMWI, mimba, huzuni nzito, kukosa usingizi. Kinachoniuma ni miezi inayopotea. Mtu anachomwa sindano ya nguvu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kikohozi chake kinasubiri.

Na dripu za vitamini, zile za njano?

Unjano ni wa vitamini B2. Ndiyo hiyo hiyo inayofanya mkojo uwe wa njano kali baada ya saa chache, na hapo ujue unaiona pesa yako ikiondoka.

Tusome chupa pamoja. Nusu lita ya dekstrozi asilimia 5 ina gramu 25 za sukari. Soda nyingi za mililita 300 zina zaidi ya hapo. Nusu lita ya "normal saline" ina gramu 4.5 za chumvi na haina chakula chochote. Aliyeishiwa maji kwa kuhara au kutapika, dripu inamwokoa. Anayeweza kunywa uji, anywe uji.

Mchanganyiko wa vitamini na magnesiamu unaotangazwa siku hizi kwenye saluni na kliniki za urembo ulianzia kwa John Myers, daktari wa Baltimore aliyefariki mwaka 1984. Haujawahi kuthibitishwa kuwa unatibu kile unachosemewa. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani iliichukulia hatua kampuni moja ya Texas iliyodai kwamba dripu zake zinatibu saratani na kisukari bila ushahidi.

Zile zenye vitamini C nyingi zina hatari mbili ambazo huku kwetu zina uzito wa pekee. Watu wengi wa maeneo ya malaria wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD bila kujua, na dozi kubwa ya vitamini C kwenye mshipa inaweza kuzipasua chembe zao nyekundu. Na mwenye kisukari akitoka kwenye dripu hiyo, mashine ya kupimia sukari kidoleni inaweza kusoma juu kwa uongo. Akijichoma insulini kwa kuamini namba ile, atadondoka. Figo nazo hubebeshwa mawe. Chungwa moja na pera moja vinakupa vitamini C ya siku nzima.

Kuna sindano ya kung'arisha ngozi, wanasema ni vitamini tu.

Mara nyingi ni glutathioni iliyochanganywa na vitamini C. Glutathioni si vitamini, na haijaidhinishwa kama dawa ya kung'arisha ngozi. Ufilipino, ambako mtindo huu ulishika kasi mapema, mamlaka ya dawa ilionya tangu mwaka 2011. Madhara yanayotajwa ni figo, ini, na ngozi kubabuka mwili mzima. Binti yangu akiniletea swali hili nitamwambia ngozi yake haina ugonjwa, kwa hiyo haina sindano.

Niko Muscat, wamenipima vitamini D iko chini. Nichomwe ile ya laki tatu?

Jua lipo lakini wewe uko ndani, umejifunika, kiyoyozi kinavuma. Ndiyo sababu upungufu huu ni wa kawaida Ghuba. Kwa mtu ambaye utumbo wake ni mzima, vidonge vinavyonywewa na chakula chenye mafuta ndivyo vinavyopendekezwa. Sindano ya msulini hufyonzwa polepole na haitabiriki. Ukirudia bila kupima, kalisiamu hupanda: kiu, mkojo mwingi, choo kigumu, mawe ya figo.

Mtoto hataki kula. Kuna sindano ya hamu?

Hapana. Mpime uzito, mkague minyoo, masikio, koo na mdomo, na uangalie kama anashiba chai na biskuti kabla ya chakula. Akiwa amekonda au miguu imevimba, ni kituo cha afya leo. Maziwa ya tiba na chakula cha pakiti vya kutibu utapiamlo tayari vimewekewa vitamini.

Vitamini zinaweza kumdhuru mtu kweli?

Zinaweza, na sindano ina madhara yake juu ya yale ya dawa. Nimeona jipu la kalio la ukubwa wa ngumi. Sindano ikichomwa vibaya kalioni inaweza kugusa neva kubwa ya mguu, na mtu akabaki akiburuta unyayo. B1 na vitamini K zikiingizwa kwenye mshipa zinaweza, ingawa ni nadra, kuleta mzio wa ghafla unaofunga koo. Ampuli ya B1, B6 na B12 inayopendwa sana mara nyingi ina miligramu 100 za B6, wakati hitaji la siku halifiki 2, na B6 nyingi kwa muda mrefu huleta ganzi ile ile ambayo mtu alikuwa anaikimbia. Bayotini ya dozi kubwa, ile ya nywele, inaweza kupotosha vipimo vya tezi na hata kipimo cha moyo, hivyo mwambie mtu wa maabara.

Kuna pia sindano yenyewe. Kijiji cha Roka, Kambodia, mwishoni mwa 2014, zaidi ya watu 200 waligunduliwa na virusi vya UKIMWI, wakiwemo watoto na wazee. Njia ilikuwa sindano zilizorudiwa na mtoa huduma asiye na leseni, aliyependwa na kijiji kwa sababu alikuwa karibu na hakukataa kumchoma mtu. Mwaka 2019 yalitokea ya namna hiyo Ratodero, Pakistani, na wengi walikuwa watoto. Kila sindano isiyo ya lazima ni mlango uliofunguliwa bure.

Kwa hiyo nikiandikiwa, niulize nini?

Uliza ni vitamini gani kwa jina lake, kipimo gani kimeonyesha inapungua, na kwa nini isiwe ya kunywa. Daktari anayejua anachofanya hatakasirika, atakujibu kwa sentensi mbili. Bomba litolewe kwenye pakiti mbele ya macho yako, ampuli ivunjwe mbele yako, tarehe isomwe, na sindano iliyotumika iingie moja kwa moja kwenye lile boksi gumu. Baada ya kuchomwa kaa hapo dakika 15. Duka la dawa liuze dawa, na kuchoma kufanyike zahanati au hospitali, kwa mtu mwenye leseni na dawa ya kuzuia mzio karibu.

Ramadhani imefika na tarehe yangu ya B12 imeangukia mchana. Nitafungua?

Masheikh wengi hutofautisha sindano ya dawa na dripu inayolisha mwili, lakini fatwa si kazi yangu, muulize wa kwako. Upande wangu ni rahisi: sindano ya miezi mitatu haidhuriki kwa kusogezwa saa chache. Njoo baada ya futari. Kama uko kwenye zile za mwanzo na neva zimeguswa, usiruke hata moja. Tupange saa mapema, ili mwenye zamu ya usiku ajue unakuja.